Shajara ya Mradi: Kuosha Majani ya Okidi kwa Maji ya Sabuni

Januari, wiki ya kwanza

Kila mwaka kaskazi inapoanza kuvuma hapa Tanga, vumbi la barabara ya mtaani hupanda mpaka barazani na kutulia juu ya majani ya okidi, na kila mwaka wakuzaji wenzangu huulizana swali lile lile: je, kuosha majani kwa maji ya sabuni kunausaidia mmea kukua, au ni usafi wa kupendeza macho tu? Wapo wanaoapa kwamba sabuni hulisha mmea. Wapo pia wasiothubutu hata kuligusa jani kwa kitambaa chenye maji. Shajara hii inaandikwa ili swali hilo lijibiwe kwa kuiangalia mimea yenyewe, kuanzia kiangazi hiki hadi mwisho wa kipupwe.

Mimea mingi iliyopo barazani ni Phalaenopsis, okidi ya majani mapana na manene yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi kwenye vitalu vya maua. Zipo Dendrobium chache, na ipo pia Ansellia africana, okidi ya kwetu, yenye maua ya manjano na madoa ya hudhurungi, inayoota juu ya miti katika misitu ya pwani na katika nyika za sehemu kubwa ya Afrika. Ansellia zetu zimetoka kitaluni. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na Ansellia imebanduliwa mitini kwa wingi kiasi kwamba mtu anayeipenda kweli hana sababu ya kuifuata msituni kwa panga.

Mimea imegawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza litaoshwa kwa maji ya sabuni na kusuuzwa kwa maji matupu. Kundi la pili litapanguswa kwa maji matupu. Kundi la tatu halitaguswa, isipokuwa likipata wadudu au ugonjwa unaohitaji tiba. Makundi haya hayakutengwa kila moja mahali pake, kwa kuwa ubao ulio ukingoni mwa baraza hupata mwanga mwingi kuliko ule ulio karibu na ukuta. Kila ubao una mimea ya makundi yote, na kila chungu kimefungwa utepe wa rangi ya kundi lake. Maji ya kunyweshea na mbolea ni vile vile kwa mimea yote, na mchanganyiko wa kuoteshea ni makumbi ya nazi, yaliyolowekwa na kubadilishiwa maji hadi chumvi ikatoka, pamoja na vipande vya mkaa. Mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye mkono mwepesi zaidi nyumbani, amekubali kupima urefu na upana wa jani jipya la kila mmea na kuandika hali ya ncha za mizizi.

Januari, katikati ya mwezi

Uoshaji wa kwanza umefanyika alfajiri, kabla jua halijafika barazani. Nililiweka kila jani juu ya kiganja cha mkono wa kushoto ili lisivunjike, nikalipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu kuanzia shinani kwenda nchani, upande wa juu kwanza na upande wa chini baadaye. Dodoki halifai kabisa kwa kazi hii, kwani jani la okidi limefunikwa na tabaka la nta ambalo dodoki hulikwangua na kuacha mikwaruzo isiyopona.

Tofauti kati ya maji matupu na maji ya sabuni ilionekana hapo hapo. Kwenye ubao wa karibu na ukuta, ambako kuna vumbi jepesi tu, maji matupu yalitosha, na kitambaa kilirudi na rangi ya udongo. Kwenye ubao wa upande wa jikoni, ambako moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta ya kukaangia hupita kila siku, maji matupu yalijikusanya katika matone na kuteleza, yakaacha michirizi ya kijivu ambayo haikutoka hata nilipopangusa tena. Sabuni iliiondoa michirizi hiyo kwa mpanguso mmoja. Sababu yake si siri: molekuli ya sabuni ina upande unaoshikana na maji na upande unaoshikana na mafuta, kwa hiyo huubandua ukoga wa mafuta uliolishikilia vumbi, na wakati huo huo hupunguza ule mvutano wa uso wa maji unaoyafanya yabaki matone matone juu ya nta.

Inafaa kueleza kwa nini uchafu wa jani ni jambo zito zaidi kwa okidi kuliko kwa mboga za bustanini. Jani la mchicha huishi wiki chache na kuliwa. Jani la Phalaenopsis hudumu mwaka na zaidi, na mmea mzima mara nyingi huwa na majani manne hadi sita tu. Vumbi lililotua mwaka huu litakuwa juu ya jani lile lile mwakani. Tena mmea huu ni wa kivulini, unaoridhika na mwanga wa kiasi cha lux 10,000 hadi 15,000, ilhali jua la mchana mahali pa wazi hufikia lux 100,000 hivi. Mmea uliokwisha kupewa mwanga kwa kipimo, ukifunikwa na vumbi, unapunguziwa hicho kidogo unachotegemea kwa usanisinuru.

Upande wa chini una habari yake. Vitundu vya hewa vya Phalaenopsis viko zaidi upande wa chini wa jani, na mmea huu huvifunga mchana ili usipoteze maji, kisha huvifungua usiku na kuvuta hewa ukaa, ambayo huihifadhi ndani ya jani katika hali ya asidi hadi jua lichomoze. Kwa sababu hiyo utando wa sabuni usiachwe upande wa chini ukakaukia pale hadi usiku. Upande wa juu tunauosha kwa ajili ya mwanga; upande wa chini kwa ajili ya hewa, na kwa ajili ya wadudu, kama itakavyoonekana mbele.

Kuhusu madai kwamba sabuni ni chakula cha mmea, jibu langu ni hapana. Sabuni ya kawaida ni chumvi ya asidi za mafuta na sodiamu, na sodiamu si mbolea ya okidi. Sabuni laini iliyotengenezwa kwa potasi ina potasiamu, ni kweli, lakini kiasi hicho ni kidogo mno, na tena kinasuuzwa.

Januari, mwishoni

Wiki hii imetumika kuchagua sabuni, na nimeona kwamba hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko mahali pengine popote katika kazi hii, kwa sababu watu husema “sabuni” kana kwamba zote ni kitu kimoja. Sabuni ya unga nimeikataa tangu mwanzo: ina vitu vya kung'arishia nguo, manukato na soda, na imetengenezwa ili ing'oe uchafu kwenye kitambaa kigumu, wala si kwenye jani lililo hai. Sabuni ya maji inayouzwa kwa vidumu mtaani ilionekana laini zaidi, kwa hiyo nilikwenda kwa jirani yetu mmoja anayeitengeneza mwenyewe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ya vyombo au ya nguo?”

“Ya kuoshea majani ya maua, bibi. Ningependa kujua humo ndani mna nini.”

Alinitajia bila kuficha kitu: salfoniki, soda, rangi, manukato na chumvi. “Chumvi ndiyo inayoipa uzito,” alisema. “Usipoitia inabaki majimaji, na mteja ataniambia nimemuuzia maji.”

Neno hilo la chumvi ndilo lililoamua. Mizizi ya okidi imevikwa tabaka nene la seli mfu, jeupe likiwa kavu na la kijani likilowa, ambalo kazi yake ni kufyonza kwa haraka maji yoyote yanayoligusa pamoja na chochote kilichoyeyuka ndani yake. Maji yenye chumvi yakichuruzika kutoka jani hadi chunguni mara kwa mara, chumvi hubaki kwenye makumbi na mkaa, na ncha za mizizi, ambazo zingepaswa kuwa za kijani kibichi au nyekundu, huanza kuungua na kuwa nyeusi. Bibi alinishauri mwenyewe nitumie sabuni ya mche nyeupe, ile ya mafuta na magadi makali bila rangi wala manukato, na ushauri huo ndio tunaoufuata. Sabuni inakwanguliwa kwa kisu, inayeyushwa katika maji ya uvuguvugu na kuachwa ipoe. Kwa kuondoa vumbi na masizi tunatumia gramu 5 kwa lita 1 ya maji, yaani nusu ya asilimia moja, na chungu kinafunikwa kwa mfuko wa plastiki uliokatwa upande mmoja ili maji ya sabuni yasiingie kwenye mizizi.

Februari

Kwa muda mvua haijanyesha na pipa la maji ya mvua limekauka, kwa hiyo tumelazimika kuyeyusha sabuni kwa maji ya kisima. Matokeo yake yamekuwa ya kufundisha. Majani ya kundi la kwanza, ambayo yalipaswa kuwa masafi kuliko yote, yamebaki na utando mweupe unaosugulika kwa kidole lakini hauishi. Kisima chetu kimechimbwa katika mawe ya chokaa, ambayo yametapakaa sehemu nyingi za Tanga. Ndiyo mawe ambayo maji yaliyachimba yakawa mapango ya Amboni. Maji yanayopita ndani yake huchukua kalisiamu na magnesiamu, na madini hayo yakikutana na sabuni huungana na asidi zake za mafuta kuwa takataka nyeupe isiyoyeyuka. Kila mama aliyewahi kufua kwa maji ya kisima anayajua mambo haya: sabuni nyingi huliwa na maji kabla povu halijatokea. Kwa nguo ni hasara ya sabuni tu. Kwa jani ni kuondoa uchafu mmoja na kupaka mwingine.

Utando huo tumeuondoa kwa maji ya ndimu, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu katika glasi moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kupangusa taratibu na kusuuza mara moja. Ndimu hiyo hiyo imeondoa pia madoa ya zamani ya chokaa yaliyoachwa na maji ya kunyweshea. Kuanzia sasa maji ya sabuni yatatengenezwa kwa maji ya mvua peke yake, na mvua isipokuwepo, mimea itapanguswa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, bila sabuni.

Mgeni mmoja aliyefika barazani ametushauri tupake mafuta ya nazi juu ya majani ili yang'ae. Tumemshukuru, ila hatutafanya hivyo. Mafuta hunasa vumbi, na yakifika upande wa chini huziba vile vitundu vya hewa. Jani safi la okidi lina mng'ao wake wa kutosha, ule mtulivu wa nta.

Machi, wiki ya kwanza

Mwezi huu umekuwa wa wadudu. Dalili ya kwanza haikuwa wadudu wenyewe bali sisimizi, waliopanda kwa mstari kutoka sakafuni, wakapita mguu wa meza na kuingia katikati ya majani ya Phalaenopsis moja ya kundi la tatu. Sisimizi hawali okidi. Wanapofanya msafara wa namna hiyo, huwa wanafuata majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wafyonzaji, nao huwalinda wadudu hao dhidi ya maadui zao ili waendelee kupata utamu. Nilipolifunua jani la chini nikawakuta vidung'ata, wamejibana pale jani linaposhikana na shina, kila mmoja amejifunika kwa nyuzi nyeupe za nta kama pamba. Jani lililokuwa chini yao lilikuwa linanata, na juu ya unato huo ukungu mweusi ulikwisha kuanza kuota.

Hapa sabuni ina kazi halisi, ambayo maji matupu hayawezi kuifanya. Mdudu laini akiloweshwa kwa maji ya sabuni, asidi za mafuta huondoa nta inayomkinga na kuvuruga utando wa seli zake, akakauka na kufa. Hata hivyo kazi hiyo hufanyika wakati sabuni ingali majimaji tu. Ikishakauka haina nguvu tena, haiachi kinga yoyote juu ya jani, na mayai yaliyofichwa ndani ya pamba huwa salama. Kwa sababu hiyo dawa hii hurudiwa kila baada ya siku 5 hadi 7, ili wanaoanguliwa wakutwe kabla hawajakomaa na kutaga.

Kipimo kimepandishwa hadi gramu 10 kwa lita 1, na itakapobidi kitafika gramu 20, yaani asilimia mbili, ambao ni mpaka ambao sitauvuka kwa jani la okidi. Mmea umetengwa na mingine. Vidung'ata walioonekana kwa macho wameondolewa mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba kilichochovywa katika spiriti, kisha maji ya sabuni yakapuliziwa pande zote mbili za jani na katika kila kona, yakaachwa kwa muda mfupi, halafu mmea ukasuuzwa. Yote hayo yalifanyika mapema asubuhi, kwa kuwa joto la mchana limekuwa likipita nyuzi 32 za Selsiasi, na sabuni ikipuliziwa katika joto la namna hiyo huunguza jani.

Machi, mwishoni

Baada ya marudio kadhaa, mmea uliotengwa hauna vidung'ata wanaoonekana, ingawa jani la chini limekuwa na rangi ya manjano na tumeliacha likauke lenyewe. Mimea miwili iliyokuwa jirani yake imekaguliwa. Mmoja, wa kundi la kwanza, ulikuwa na kidung'ata mmoja mchanga ambaye mdogo wangu alimkuta wakati akipangusa. Ule wa kundi la tatu ulikuwa nao wengi, wamejificha chini ya gamba kavu la jani la zamani.

Nimelifikiri sana jambo hili. Tunapoosha majani tunalazimika kuligeuza kila jani, kulishika, kuliona kwa karibu na kupitisha kidole mahali ambapo jicho halifiki. Mimea iliyooshwa, kwa sabuni ama kwa maji matupu, ilikwisha kukaguliwa mara nyingi kabla sisimizi hawajafanya msafara wao, na wadudu wake wakaondolewa wangali wawili watatu. Ile isiyoguswa ilikuwa na muda wa kutosha wa kuficha kundi zima. Nadhani sehemu kubwa ya sifa inazopewa sabuni ni haki ya mkono unaoishika.

Aprili

Masika imeanza kwa nguvu. Mvua inapigwa na upepo hadi ndani ya baraza, mimea ya ukingoni inalowa bila kunyweshwa, na uoshaji wote umesimamishwa.

Mei

Uamuzi wa kusimamisha uoshaji unahitaji kuelezwa, kwa kuwa mwenzangu mmoja ameuona ni uvivu. Phalaenopsis hukua kutokea mahali pamoja tu: kitovu cha katikati, pale majani yote yanapokutana na jani jipya linapochomoza. Kitovu hicho kikioza, mmea hauna pengine pa kuendelea juu, na mara nyingi hufa. Porini mmea huu huota ukiwa umeinama kutoka ubavuni mwa mti, na mvua ikijaa katikati humwagika yenyewe. Sisi tunauotesha wima chunguni na kukigeuza kitovu chake kuwa bakuli. Maji matupu angalau hubaki matone juu ya nta, lakini maji yenye sabuni, kwa sababu ile ile inayoyafanya yasafishe vizuri, hupenya hadi ndani kabisa ya kila kona. Hewa ikiwa kavu na yenye upepo, unyevu huo huondoka kabla ya adhuhuri. Katika wiki za masika, wakati nguo zenyewe hazikauki kambani, hubaki pale kutwa kucha.

Mmea mmoja wa ukingoni, wa kundi la tatu, umepata doa la majimaji lililoanza kwa ukubwa wa punje ya mtama na kuongezeka haraka, likawa la hudhurungi lenye ukingo wa manjano. Hizo ni dalili za ugonjwa wa bakteria, ambao maji yanayoruka kutoka jani hadi jani huusambaza. Sehemu yenye doa imekatwa kwa wembe uliopitishwa kwenye moto, pamoja na kipande cha jani kilicho kizima pembeni yake, na jeraha limepakwa unga wa mdalasini, ambao hukausha na kuzuia ukungu. Mdalasini usifike kwenye mizizi, kwani huikausha nayo.

Mmea huo ungeoshwa wiki hiyo kwa kitambaa kinachotumiwa kwa mimea mingine, ugonjwa ungesafiri nacho. Tangu mwanzo tumekuwa na kipande cha kanga kwa kila chungu, ambacho huchemshwa baada ya kutumika. Sababu si bakteria peke yake. Virusi viwili vinavyojulikana sana kwa okidi, virusi vya batobato vya Cymbidium na virusi vya madoa-duara vya Odontoglossum, huenezwa na utomvu unaobebwa na visu, mikono na vitu vingine vinavyogusa mmea uliojeruhiwa, na havina tiba. Mtu akiniuliza ni lipi muhimu zaidi, sabuni nzuri au kitambaa cha kila mmea, nitamjibu kitambaa bila kusita.

Juni

Uoshaji umeanza tena, kwa kuwa kusi imekausha hewa. Sasa kila mmea ukishaoshwa, maji ya kitovuni hunyonywa kwa ncha ya karatasi laini iliyosokotwa, hadi karatasi itoke kavu. Hatua hiyo ni ndogo, lakini nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye ukuta wa baraza ili asiwepo wa kuiruka.

Ansellia zilizokuwa zimetundikwa kwenye mwembe wa uani tangu Machi zimekaguliwa pia. Majani yake ni masafi kuliko ya mmea wowote wa barazani, na hakuna aliyeyaosha: masika imeyaosha. Mizizi yake myembamba, ile inayoelekea juu na kufanya kikapu cha kunasa majani makavu ya mwembe, imeongezeka vizuri. Hapa ndipo nilipoona wazi kazi yetu ni nini. Paa tuliloliweka juu ya okidi ili kuikinga na jua limeinyima pia mvua, na kuipangusa kwa maji matupu ni kuirudishia sehemu ya kile tulichoinyima. Sabuni inahitajika kwa yale ambayo mvua haina uwezo nayo, yaani masizi, mafuta ya jikoni na wadudu.

Julai

Vipimo vya mdogo wangu vimelinganishwa. Jani jipya la Phalaenopsis huchukua miezi kukamilika, na ndiyo maana hatukutaka kusema lolote kabla ya sasa. Katika ubao wa karibu na ukuta, majani mapya ya makundi yote matatu hayana tofauti ya kutajwa. Katika ubao wa upande wa jikoni, majani mapya ya kundi la kwanza ndiyo marefu na mapana zaidi, ya kundi la pili yanafuata, na ya kundi la tatu ni mafupi na yana kijani kilichofifia. Katika ubao wa upande wa barabara, kundi la kwanza na la pili yamelingana, na la tatu limebaki nyuma. Kwa hiyo jibu la swali letu linategemea mmea umekaa wapi. Palipo na vumbi kavu, maji matupu yanafanya kazi yote. Palipo na masizi na mafuta, sabuni inaongeza kitu. Pasipo na hili wala lile, jani halihitaji kusumbuliwa ila kwa kukaguliwa.

Jambo moja linahitaji tahadhari. Vikonyo vya maua vimeanza kuchomoza katika Phalaenopsis kadhaa za kundi la kwanza, na wageni wanaofika wanasema sabuni imeleta maua. Si kweli. Phalaenopsis huanza kutoa kikonyo baada ya wiki kadhaa za ubaridi, na joto likiendelea kuwa nyuzi 28 na zaidi hukataa kabisa. Hapa pwani ubaridi huo huletwa na usiku wa kipupwe. Vikonyo vimechomoza katika makundi yote matatu, hata katika mmea uliokatwa jani kwa wembe mwezi Mei. Mtu aliyeanza kuosha majani mwezi Juni na kuona maua mwezi Agosti atakuwa na haki ya kufurahi, lakini shukrani ziende kwenye hali ya hewa.

Vikonyo vyenyewe havioshwi kwa sabuni. Ni vichanga, nta yake bado haijakomaa, na machipukizi ya maua yakiloweshwa na kukaa na unyevu huanguka kabla ya kufunguka. Jani lililo chini ya kikonyo linapanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Agosti

Kundi la tatu limetimiza kazi yake, na hakuna sababu ya kuliacha liendelee kuumia. Wiki hii majani yake yote yameoshwa kwa maji ya sabuni ya gramu 5 kwa lita na kusuuzwa kwa maji ya mvua. Kwenye ubao wa jikoni maji ya beseni yaligeuka meusi.

Katika kuyageuza majani hayo, mdogo wangu amekuta mstari wa wadudu gamba upande wa chini wa jani moja, wamejipanga kando ya mshipa wa kati, wa rangi ya hudhurungi na bapa kiasi kwamba kutoka juu hakuna dalili yoyote isipokuwa vidoa vya manjano. Hawa ni wagumu kuliko vidung'ata. Gamba lao huwakinga wakubwa dhidi ya sabuni, na ni watoto wao tu, wale wanaotembea kutafuta mahali pa kujibandika, wanaouawa kwa kuloweshwa. Wakubwa wamebanduliwa kwa mswaki laini uliochovywa katika maji ya sabuni, jani likiwa limeegemezwa kiganjani, na mmea umehamishiwa peke yake kwenye dirisha la stoo. Utapuliziwa kipimo cha gramu 10 kila wiki hadi mwisho wa Septemba, na kwa kuwa una kikonyo chenye machipukizi, kikonyo hicho kitafunikwa kwa mfuko kila wakati wa kupulizia. Mimea iliyokuwa imegusana nao itakaguliwa Jumamosi, upande wa chini kwanza.